Kilomita Elfu Chumbani kwa Seline

Jumatatu, 10 Machi 2025

Kochi Wepukhulu ametuambia kila mmoja wetu aandike daftari mpaka siku ya mchujo: kilomita ngapi, kwa muda gani, hali ya barabara. Basi naandika. Naitwa Kathini Muli, fundi wa baiskeli, na kibanda changu kiko mtaa wa Kongo, Kawangware. Siku za mazoezi mimi ni pailoti, yaani yule anayekaa mbele kwenye tandem, baiskeli ya watu wawili. Usukani ni wangu, breki ni zangu, gia ni zangu. Nyuma yangu hukaa Seline Amolo, msusi wa Soweto East kule Kibera, ambaye haoni tangu akiwa na miaka sita. Kazi yake ni kukanyaga na kuniamini. Tumepanda pamoja mwaka mmoja na nusu.

Leo: kilomita sifuri. Kuna mawingu upande wa Ngong.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta barabarani asubuhi, ile mvua nyepesi ambayo ni mbaya kuliko kubwa kwa sababu inaamsha mafuta ya magari kwenye lami. Nilishika breki kwenye mteremko, tandem ikaenda upande kama mbuzi anayevutwa sokoni. Hatukuanguka. Sijui kwa nini hatukuanguka. Seline aliuliza tu, "Tuko sawa?" nikamjibu tuko sawa.

Kochi amepiga marufuku tandem kwenye barabara yenye maji. Mchujo ni tarehe 24 Mei: kilomita ishirini, na anayetaka kuingia kwenye timu itakayosafiri mashindanoni lazima amalize chini ya nusu saa. Muda wetu bora ni dakika thelathini na tatu na sekunde kumi. Na masika ndiyo hii imeingia.

Jumanne, 18 Machi

Kochi ametoa kitu kwenye stoo ya klabu. Tunakiita trena. Ni stendi ya chuma inayobana ekseli ya gurudumu la nyuma, baiskeli ikainuka kidogo kutoka sakafuni, kisha rola inasukumwa kwa skrubu mpaka iguse tairi. Ukikanyaga, tairi linazungusha rola, rola inakukazia kama mlima, na wewe huendi popote.

"Seline atafanyia mazoezi nyumbani," Kochi akasema. "Mvua ijinyeshee."

Tandem ni ndefu, haiingii chumbani kwake. Ikahitajika baiskeli ya kawaida ya resi. Watu wote wakanitazama.

Baiskeli yangu ni ya bluu. Nimeiunga kipande kwa kipande kwa miaka mitatu, na magurudumu yake nimeyasuka mwenyewe, spoki moja moja. Mteja akiiegemea namwambia aondoe mkono. Nikasema sawa. Mdomo ndio uliosema.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeendesha mpaka Soweto East kwa jua la saa tisa, nikaibeba baiskeli begani hadi orofa ya tatu. Chumba cha Seline kina kitanda, meza ya vitana na mafuta ya kazi yake, na dirisha ambalo sauti zote za chini huingilia. Trena ikakaa katikati. Nikaifunga baiskeli, nikakaza skrubu, nikauchukua mkono wake nikamwonyesha: hiki kiti, hii pedali.

"Na wewe unakaa wapi?" akaniuliza.

"Sikai. Nasimama hapa kando."

"Kwani mbele kuna nani?"

"Hakuna mtu mbele, Seline."

Alinyoosha mkono pale ambapo mgongo wangu huwa. Akapapasa hewa, kulia, kushoto, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Kisha akashika usukani, usukani ukageuka, akashtuka kama amepigwa na stima.

"Kathi! Unageuka!"

Ndipo nikakumbuka kwamba usukani wa nyuma kwenye tandem umefungwa kwa nati, ni wa kushikilia tu. Mwanamke huyu amekanyaga maelfu ya kilomita na hajawahi kushika usukani unaomtii.

Akaanza polepole. Tairi likavuma.

"Naweza kuongeza?"

"Ongeza."

"Gari hakuna?"

"Hakuna gari."

"Shimo?"

"Hakuna shimo, hakuna matuta, hakuna mtu."

"Basi natoka," akasema. Na akatoka.

Sijui niandike vipi. Mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikimpa mgongo. Pailoti huona barabara, mwenzake humsikia tu kwa pedali. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona uso wa Seline akiendesha. Kidevu kiliinuka. Midomo ilifunguka kidogo. Hakuwa anakunja uso kama sisi tunavyokunja tukiumia. Alikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango akakuta ndani kuna chumba kingine, na kingine. Nilijikuta nimevua kofia.

Mlango ukagongwa. Ni Mama Audrey wa orofa ya chini. "Mmefungua posho mill ya kusaga mahindi huku juu?" Akaingia na mwiko mkononi, akamwona Seline, akaushusha mwiko. Akasimama muda mrefu.

"Anaenda wapi na spidi yote hiyo?" akaninong'oneza.

"Haendi."

"Aki woiye," akasema kwa huruma, na akakaa kitandani kutazama.

Kilomita kumi na moja.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Kilomita 15.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Kilomita 18. Mama Audrey ameleta kipande cha kapeti kuukuu tuweke chini ya trena, kelele zipungue. Amesema si kwa ajili yetu, ni kwa ajili ya kichwa chake.

Alhamisi, 27 Machi

Tairi lilikuwa linateleza kwenye rola Seline akikanyaga kwa nguvu, basi nikaongeza skrubu. Mizunguko mitano, labda sita. Likaacha kuteleza.

Baada ya robo saa Seline akasema, "Kathi, tairi inalia tofauti."

"Vipi?"

"Juzi ilikuwa inavuma. Leo inaguna."

"Ni unyevunyevu wa mvua."

"Si mvua. Inaguna kama mtu amekaliwa."

Nikamwambia akanyage. Tulipomaliza kulikuwa na unga mweusi kwenye kapeti, laini kama masizi, na harufu ya mpira. Nikaupangusa. Nikafungua baiskeli yangu, nikashuka nayo ngazi, nikaiendesha nyumbani. Nilikuwa nimechoka kujibu maswali ya mtu anayesikia vitu.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimepitia Makina, watoto wamevaa nguo mpya na wanaruka madimbwi wasizichafue. Seline amesuka vichwa kumi na kimoja tangu Jumamosi, vidole vimevimba, na bado amekanyaga dakika arobaini. Kilomita 22.

Amesema tena kuhusu ule mlio. Nimesema nitaangalia. Sikuangalia.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeanguka.

Nilikuwa natoka kwa Seline, mvua imeanza upya. Pale ninapokata kutoka Ngong Road kuingia Naivasha Road niliinamisha baiskeli kama ninavyoiinamisha kila siku, na gurudumu la nyuma likaondoka. Halikunionya. Lilikuwa lipo, kisha halipo. Niliangukia mkono wa kulia, baiskeli ikaserereka mpaka ukingo wa barabara, na gurudumu la nyuma ndilo lililogonga. Dereva wa lori alisimama, akanisaidia kuinuka, akaniambia nimshukuru Mungu wangu. Nimemshukuru.

Mkono haujavunjika, umeteguka. Ringi imepinda.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo nimeandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana hati iko hivi.

Niliweka baiskeli kwenye mwanga nikalitazama tairi. Katikati ni bapa kabisa, pameng'aa kama kitako cha sufuria iliyosuguliwa. Tairi la barabara lina mgongo wa mviringo na mpira laini unaoshika lami. Hili rola imelila na kulichoma. Nimekuwa nikienda na kurudi mvuani juu ya kioo.

Nikampigia Seline. Afadhali simu ingekuwa haina chaji. Nilimwambia, "Ungekuwa unaona ungejua umenichomea tairi."

 Akasema kwa sauti ya kawaida, "Nilikuambia inaguna." Akakata.

Jumapili, 6 Aprili

Saa nne asubuhi boda boda imesimama nje ya kibanda, akashuka Seline, peke yake, na fimbo yake nyeupe. Hajawahi kufika hapa. Amemwelekeza dereva kwa yale niliyowahi kumweleza barabarani: mwinuko, halafu harufu ya mahindi, halafu sauti ya wachomeleaji vyuma, halafu tope.

"Niaje," akasema. "Lete hiyo tairi."

 Nikampa. Akapitisha kidole gumba katikati, mzunguko mzima, na uso wake ukabadilika.

"Ulikuwa unaendesha hii kwenye mvua?"

"Ndiyo."

"Ngai," akasema, Mjaluo akimwita Mungu kwa Kikamba changu. "Kathi, ungekufa."

Nikamwambia, "Seline, nimekosa."

"Ya tairi ama ya mdomo?"

"Ya mdomo. Tairi ni kosa langu tangu mwanzo. Skrubu nilikaza mimi."

"Basi ya mdomo nimesikia. Ya tairi ujisamehe mwenyewe." Akaketi kwenye ndoo. "Na ringi?"

Nikamweleza kwamba ringi hunyooshwa kwa spoki: kila spoki inavuta upande wake, unakaza huku, unalegeza kule, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Nikamweleza pia kwamba mkono wangu hauwezi kushika spana.

"Mimi ninayo mikono," akasema.

Niliigeuza baiskeli miguu juu. Nikamwekea spana ndogo ya spoki kiganjani. Nilidhani nitamwambia kila kitu: sasa hii, sasa ile. Nilimwambia mara mbili tatu. Kisha akaniambia ninyamaze kidogo.

Akaanza kuzigusa spoki moja moja kwa ukucha, kama nyuzi za nyatiti. Ting, ting, tung. Akazunguka gurudumu lote. Akarudi tena.

"Za upande wa gia zinaimba juu," akasema. "Za huku zinaimba chini."

"Ndivyo zinavyotakiwa. Gurudumu la nyuma huvutwa zaidi upande wa gia."

"Sawa. Kila upande na sauti yake. Basi hizi zimetulia. Hii imelala. Hizi mbili zinapiga kelele." Akaweka kidole juu ya moja. "Ukimsuka mtu, kichwa kinakuambia. Ukivuta nywele sana hatasema, lakini anakunja bega. Gurudumu lako limekunja bega hapa."

Nikainama nikatazama. Hapo hapo ndipo lilipogonga ukingo.

Alifanya kazi mpaka saa nane. Alizungusha gurudumu akasikiliza linavyogusa mpira wa breki, shii, shii, akakaza robo, akalegeza robo, akagonga kwa ukucha, akazungusha tena. Ule mlio wa shii ukafupika. Ukawa mguso. Ukapotea. Mvua ilipiga mabati halafu ikaacha, na wateja wawili waliokuja na pancha walikaa kwenye benchi wakingoja, hata yule mwenye haraka.

Nilipochuchumaa na kuangalia kwa jicho, ringi ilipita katikati ya breki bila kugusa huku wala kule. Nimekuwa fundi kwa miaka tisa. Ninanyoosha kwa macho, na nilidhani hakuna njia nyingine.

"Itafaa?" akauliza.

"Kwa safari za kawaida, ndiyo. Kwa mbio sitaiamini tena. Chuma kikishapinda hukumbuka."

"Kama mtu," akasema, akacheka. Nami nikacheka, nikaona haya.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefanya leo jambo nililopaswa kufanya siku ya kwanza. Kwenye rundo langu nimetoa gurudumu zee la nyuma, ringi nene, spoki thelathini na sita, zito kama jiwe la kusagia. Nimelivisha tairi gumu lisilo na mistari ambalo barabarani halifai kitu. Hilo ndilo gurudumu la trena. Halitatoka chumbani kwa Seline. Nikifika nachomoa langu la barabara, lenye tairi jipya sasa, nalisimamisha pembeni, naweka hilo. Nikiondoka, narudisha.

Na mengine. Kwenye mfuko wa trena kulikuwa na pini ya ekseli ya chuma ambayo sikuwahi kuitumia, nilikuwa nabana ile nyepesi ya baiskeli yangu. Nikiitazama ile nyepesi leo, nati yake imechubuka. Sasa tunatumia ya chuma. Kabla ya kukanyaga, tairi linajazwa pumzi ileile kila siku. Rola inaguswa na tairi kwanza, kisha mizunguko miwili ya skrubu, si zaidi. Likiteleza, tatizo ni vumbi au pumzi, si skrubu. Linapanguswa kwa kitambaa na spiriti kidogo. Ukimaliza, skrubu inalegezwa, tairi lisilale limebanwa na kupata kidonda. Na taulo juu ya baiskeli, maana jasho la Seline lina chumvi ya kula ringi na spoki.

Nilimsomea yote. Akayarudia mara moja bila kukosea. "Sasa nitafunga mwenyewe," akasema, "wewe kaa na mkono wako."

Jumamosi, 12 Aprili

Seline amefunga gurudumu peke yake, kwa dakika nne. Akakanyaga kilomita 28. Tairi linavuma. Hakuna unga mweusi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri, maji yameingia kibandani. 26.

Alhamisi, 17 Aprili

Kila kitu kikiwa kilekile, pumzi ileile, mizunguko ileile miwili, basi namba za ile mita ndogo ya kasi niliyoifunga kwenye usukani haziwezi kudanganya. Hilo sikulifikiria nilipoyaweka yale masharti. Nilikuwa nalinda gurudumu tu.

Leo Seline ameshika kilomita thelathini na nane kwa saa, dakika ishirini nzima. Nilimsomea namba kila dakika: thelathini na nane, thelathini na nane, thelathini na nane. Kule nje msikiti wa Makina uliadhini, Mama Audrey alikuwa mlangoni na bakuli la maharagwe, na sauti ya rola ilikuwa moja tu, haipandi, haishuki, kama mto. Jasho lilidondoka kutoka kidevuni hadi kwenye taulo. 

Alipomaliza hakuuliza ni kasi gani. Aliuliza, "Ilikuwa sawa?"

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama amepiga simu kutoka Mwingi, mvua imefika hata kwao, amepanda kunde. Sikuendesha.

Jumanne, 22 Aprili

Mkono umepona. Seline alikuwa chini kwa mteja. Nikapanda trena mimi mwenyewe. Gurudumu lilelile, pumzi ileile, mizunguko miwili.

Thelathini na tatu. Dakika ya tisa nikaona nyota. Dakika ya kumi na mbili nikasimama.

Nikapangusa jasho langu lote kwa kitambaa na spiriti, asije akalinusa.

Jumamosi, 26 Aprili

Jua, barabara kavu, Kochi akaruhusu tandem. Kilomita ishirini: dakika thelathini na mbili na sekunde arobaini. Watu wakatupigia makofi.

Nilijua kilichotokea. Kwenye tandem pedali zimeungwa kwa cheni, miguu minne inazunguka pamoja, na mimi ndiye ninayechagua gia. Kila miguu yangu ilipochoka nilishusha gia, na nyuma yangu nilisikia nguvu nyingi ikikosa pa kukanyaga. Alikuwa na mlima mzima ndani yake, nami nikampa ngazi.

Hakulalamika. Hajui. Ama anajua.

Jumanne, 29 Aprili

Kilomita 30. Mvua. Nimeshindwa kumtazama, ijapokuwa hawezi kujua kama namtazama.

Ijumaa, 2 Mei

Nimeenda kwa Kochi. Nimemwonyesha daftari, namba za Seline na namba zangu. Alisoma akiwa amesimama, akaketi, akasoma tena.

"Unajua unachosema, Kathini?"

"Najua. Anahitaji pailoti mwenye miguu. Mpe Christine."

Christine Oloo ndiye mwendeshaji mkali kuliko sote klabuni. Pia ndiye niliyemsema vibaya kwa miaka miwili, kwamba ana maringo, kwamba hasalimii mafundi. Kulitamka jina lake mbele ya Kochi ilikuwa kama kumeza mfupa.

Jumamosi, 3 Mei

Kochi amemwambia Seline. Niliingia chumbani nikamkuta amekaa kitandani, gurudumu la trena mapajani.

"Kathi, keti." Nikaketi. "Umeenda kwa Kochi ukapanga nani atakaa mbele yangu."

"Seline, namba zimesema..."

"Namba umenisomea mimi? Za kwako ulinisomea?"

"Hapana."

"Mimi si gurudumu, unachomoa hili unaweka lile." Hakupaza sauti. "Ukikaa mbele ni maisha yangu umeshika. Kwa hivyo anayekaa mbele nachagua mimi. Si wewe, si Kochi."

Nilitaka kusema nimefanya kwa ajili yake. Nikaona kwamba ndivyo kila mtu humwambia. Nikasema, "Ni kweli."

 Chini mtu alikuwa anapasua kuni.

"Ulishika ngapi?" akauliza.

"Thelathini na tatu. Dakika kumi na mbili."

"Nilijua ulipanda," akasema. "Nilinusa spiriti. Hukuwa na sababu ya kupangusa kama hukukanyaga." Kisha, pole pole: "Mwambie Christine aje hapa. Nimsikie."

Jumatano, 7 Mei

Christine amekuja na mvua, amelowa mpaka mifupa, viatu mkononi asichafue ngazi za watu. Huyo ndiye mwenye maringo. Alinisalimia kabla sijamsalimia, akaniambia, "Sijui kabisa kuwa pailoti. Utanifundisha?"

Seline akamwambia apande trena. Yeye akaketi sakafuni kando ya gurudumu, miguu amekunja, sikio karibu na rola. Tukanyamaza. Christine akakanyaga dakika kumi, na Seline akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Simama," akasema hatimaye. "Wewe unakanyaga sawasawa. Kathi mguu wake wa kushoto huchelewa kidogo, tangu siku ya kwanza. Nilizoea kuungojea."

Mwaka mmoja na nusu. Kila mzunguko wa pedali, mara elfu na elfu, aliungoja mguu wangu na hakuniambia.

"Na breki?" Seline akamuuliza Christine. "Utanitangazia breki?"

"Nitatangaza nini?"

Ikawa kazi yangu. Nimemfundisha mpaka jioni: tangaza shimo, tangaza kona, tangaza gia, usikae kimya kamwe, kimya ndicho kinamtisha mtu wa nyuma. Nilipokuwa nafundisha nilishangaa kwamba nayajua haya yote vizuri.

Jumamosi, 10 Mei

Seline amemchagua Christine. Amesema mbele ya klabu nzima. Kisha amesema magurudumu ya tandem hayashikwi na mtu mwingine isipokuwa Kathini. Kochi akaandika.

Jumanne, 13 Mei

Trena. Kilomita 30. Nimejumlisha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na siku zote nilizoandika namba tu pembeni: tangu tarehe 20 Machi, kilomita mia tisa na sabini na mbili ndani ya chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta.

Ijumaa, 16 Mei

Kilomita 28. Imetimia elfu moja kamili. Nilimwambia. Akasema, "Nimefika wapi?" Nikamhesabia: kutoka hapa mpaka Mombasa, na kurudi mpaka hapa, na bado ana za akiba. Mama Audrey alipika chapati. Tairi la trena limeisha katikati, kama linavyopaswa kuisha, na hakuna mtu atakayeanguka kwa ajili yake.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imepungua. Wawili hao wako barabarani na tandem. Mimi kibandani. Pancha saba.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeyasuka upya magurudumu ya tandem, nikazigonga spoki kwa ukucha macho nimefumba. Sisikii kama yeye. Lakini moja iliyolala niliipata.

Jumamosi, 24 Mei

Barabara ilikuwa kavu katikati na mbichi pembeni. Niliyapa matairi pumzi, nikakagua ekseli, nikampiga Seline mgongoni kwa kiganja mara moja. Christine alikuwa amekauka midomo. Seline alikuwa anafungua na kufunga vidole kama kabla ya kusuka. Kengele ikalia, wakaondoka, na mikono yangu ikabaki haina kazi.

Nilitembea mpaka karibu na mwisho, pale lami inapopanda kidogo kabla ya mstari. Mama mmoja anachoma mahindi hapo. Nikasimama kando yake nikangoja. Niliangalia saa mara nyingi mpaka nikaivua nikaitia mfukoni.

Dakika ishirini na tisa na sekunde arobaini na moja.

Baada ya mstari watu waliwazingira, Kochi analia wazi wazi bila kuficha. Christine alilala chali kwenye nyasi. Seline alisimama ameshika kiti cha tandem, anageuza kichwa huku na huku, mpaka niliposema jina lake. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta kando.

"Ulikuwa wapi?"

"Pale kwenye mwinuko."

"Ulituona?"

"Niliwaona."

"Tulikuwa aje?" Bado alikuwa anahema. "Usiniambie saa, saa nimesikia. Tulikuwa aje?"

Nikageuka nikatazama tena pale kwenye mwinuko. 

"Mlitokea kwanza kama kitu cheusi," nikamwambia. "Kidogo, pale chini. Halafu mkawa watu. Christine kichwa chini kabisa. Wewe mabega yako hayakuyumba hata kidogo, Seline, miguu ndiyo ilikuwa inaenda, huku juu umetulia kama umeketi kanisani. Mdomo wazi. Jua lilikuwa linapiga spoki, gurudumu lote limekuwa sahani ya mwanga. Kuna mama hapo anachoma mahindi. Aliacha kuyageuza. Yakaungua."

"Yaliungua kweli?"

"Upande mmoja mweusi tititi."

Alicheka mpaka akainama. Kisha akanyooka, akasogea karibu, sikio upande wangu.

"Endelea," akasema. "Usiache kitu."

Nikavuta pumzi, nikaanza tena kutoka pale lami inapopanda.